Ukoo wa Sanada: babu, baba na ndugu wawili waliopigana pande tofauti

Mtu akianza kupenda habari za samurai haichukui muda atakutana na jina la Sanada Yukimura. Yuko kwenye magemu, kwenye katuni, kwenye tisheti, kavaa deraya nyekundu na kofia ya chuma yenye pembe za paa. Sasa ukitaka kumjua zaidi ndo unapotea, maana ukoo wenyewe umejaa watu wenye majina yanayofanana, leo wako na huyu kesho wako na adui yake, baba yuko huku mtoto yuko kule, na huyo Yukimura mwenyewe hakuna barua hata moja ya enzi za uhai wake inayomwita Yukimura. Hebu tuufungue huu uzi taratibu.

Kwanza majina, tusipoyaweka sawa hapa mwanzo tutagombana mbele. Babu ni Yukitaka (vitabu vingine vinamwita Yukitsuna, ni mtu yuleyule). Mtoto wa babu anayetuhusu ni Masayuki. Masayuki akazaa Nobuyuki, huyu kaka mkubwa, na Nobushige, huyu mdogo. Nobushige ndo huyo Yukimura wa kwenye magemu. Jina la Yukimura lilipata umaarufu kupitia hadithi za vita zilizoandikwa mwaka 1672 huko, zaidi ya miaka hamsini baada ya yeye kufa, na lilivyonoga hata serikali na familia yenyewe baadaye zikaishia kulitumia. Mimi humu nitamwita Nobushige kama alivyojiandika mwenyewe kwenye barua zake, ukiona Nobushige jua ni yule yule.

Halafu ramani. Kwao ni Shinano, saivi inaitwa mkoa wa Nagano, katikati kabisa ya Japani, milima mitupu na mabonde membamba. Kijiji chao cha Sanada kiko juu kidogo ya mji wa Ueda. Karne ya 16 Japani haikuwa na serikali kuu ya maana, mfalme yupo ila hana nguvu, shogun (mtawala wa kijeshi) yupo ila hana jeshi, kila bwana anajipanua kwa jirani yake. Na majirani wa Sanada hawakuwa watu wa kuchezea: kusini Takeda, kaskazini Uesugi, mashariki Hojo, na baadaye kusini zaidi akaibuka Tokugawa. Wazee walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, sasa hapa fahali walikuwa wanne na Sanada wako katikati yao. Ukiishika hii picha, yale yote yanayoitwa usaliti wa Sanada unaanza kuyaona kwa jicho lingine.

Yukitaka alianza kwa kupigwa. Mwaka 1541 Takeda Nobutora, Murakami Yoshikiyo na Suwa Yorishige waliungana wakaufagia ukoo wa Unno, ambao Sanada ni tawi lake, na Yukitaka akakimbilia mkoa wa jirani wa Kozuke akiwa hana shamba wala ngome. Mwezi uliofuata tu yule Nobutora akafukuzwa na mtoto wake wa kumzaa, ambaye ndo Takeda Shingen, na miaka michache mbele Yukitaka akaenda kuomba kazi kwa huyo huyo Shingen, mtoto wa mtu aliyemfukuza kwao. Hasira aliziweka pembeni, kwa sababu Murakami bado alikuwa amekalia ardhi ya Sanada na Shingen ndo mtu pekee aliyekuwa na ubavu wa kumtoa.

Mwaka 1550 Shingen akaivamia ngome ya Toishi ya Murakami akapigwa vibaya mno, ni moja ya vipigo vikubwa kuwahi kumpata. Mwaka uliofuata Yukitaka akaichukua ngome ile ile karibu bila vita, alikuwa na watu wake ndani, kazungumza nao pembeni, kawapanga, geti likafunguka. Jeshi zima la Takeda lilishindwa, mkimbizi mmoja akaweza kwa maneno na kufahamiana. Hii staili ya kumaliza kazi kwa akili kabla ya upanga ndo ilikuja kuwa alama ya nyumba yao. Murakami naye mwaka 1553 akakimbilia kwa Uesugi Kenshin kuomba msaada, na kutokea hapo zikaanza zile vita maarufu za Kawanakajima kati ya Takeda na Uesugi.

Bendera yao ilikuwa na sarafu sita zimepangwa mistari miwili, tatu juu tatu chini. Kwa mila za Kijapani za kale maiti alizikwa na sarafu sita za kulipia nauli ya kuvuka mto Sanzu kwenda kuzimu. Kwa hiyo wakiingia vitani wanakuonesha kabisa kwamba nauli wameshailipa. Chukua hiyo uiweke pembeni, maana kinachochekesha ni kwamba hawa wenye bendera ya kifo ndo walikuwa hodari kuliko wote wa kutafuta namna ya kubaki hai.

Yukitaka alikuwa na watoto kadhaa wa kiume. Wa kwanza Nobutsuna, wa pili Masateru, wa tatu Masayuki. Masayuki akiwa na miaka saba hivi alipelekwa mjini Kofu kwa Takeda kama dhamana, yaani mtoto wako akae kwangu ili nikuamini, jambo la kawaida kabisa enzi zile. Akakulia pale akimtumikia Shingen kwa karibu, anasikia mipango, anaona mzee anavyowapanga watu, hadi akapewa jina la familia nyingine ya Muto, kwa sababu hakuna aliyetegemea mtoto wa tatu arithi chochote kwao. Shingen akafa 1573, babu Yukitaka akafa 1574, halafu 1575 pale Nagashino bunduki za Oda Nobunaga, bwana aliyekuwa anaiteka Japani kipande kwa kipande, na mshirika wake Tokugawa Ieyasu zikawamaliza Nobutsuna na Masateru siku moja. Masayuki akarudishwa jina la Sanada na kukabidhiwa nyumba.

Sasa twende mwaka 1582, na hapa ushike chai yako vizuri. Mwezi wa tatu Takeda Katsuyori, mrithi wa Shingen, anaangamizwa na Nobunaga. Masayuki anahamia kwa Nobunaga. Mwezi wa sita Nobunaga anauawa Kyoto na jenerali wake mwenyewe, na maeneo yote yaliyokuwa ya Takeda yanabaki hayana mwenyewe, Uesugi anatoka kaskazini, Hojo anatoka mashariki, Tokugawa anatoka kusini, wote wanakimbilia mzoga mmoja. Masayuki anaenda kwa Uesugi. Kidogo Hojo anaonekana ana nguvu zaidi, anaenda kwa Hojo. Vuli inaingia, anaenda kwa Tokugawa. Hesabu mwenyewe: Takeda, Oda, Uesugi, Hojo, Tokugawa, mabosi watano ndani ya mwaka mmoja! Mtu mwingine angekuwa kashakatwa kichwa mara tatu.

Kwa nini hakukatwa? Kwa sababu alikuwa na ngome ya Numata. Aliichukua mwaka 1580 enzi za Takeda, iko Kozuke, inakaa kwenye njia panda ya milimani inayounganisha Uesugi na Hojo, na kila mkubwa aliitaka. Masayuki hakuwa anauza utii wake bure, alikuwa anauza Numata bila kuikabidhi. Wakati Tokugawa na Hojo wanapatana mwishoni mwa 1582, moja ya masharti ilikuwa Numata iende kwa Hojo. Tokugawa akamwambia Masayuki achia, Masayuki akajibu kwamba ile ngome hukunipa wewe, niliichukua kwa jasho langu, siachii. Na wakati anabishana hivyo alikuwa tayari anajenga ngome mpya ya Ueda, ilianza 1583, kwa msaada wa Tokugawa mwenyewe aliyedhani inajengwa kumzuia Uesugi.

Mwaka 1585 akakata kamba, akarudi kwa Uesugi Kagekatsu, na akampeleka mtoto wake wa pili Nobushige huko awe dhamana. Tokugawa akatuma watu kama 7,000. Sanada hawakufika 2,000. Masayuki akawaacha waingie hadi ndani ya mji wa Ueda, mitaani alikuwa amepanga uzio wa kupishana pishana, unaingia kirahisi kutoka ndo shida, wale jamaa walivyofika karibu na geti wakapigwa kutoka juu, wakageuka kukimbia wakajikuta wamenasa kwenye zile uzio, na kutoka ubavuni Nobuyuki akashuka na kikosi chake kutoka ngome ya Toishi, ile ile aliyoichukua babu. Waliosalimika wakasukumwa mpaka mto Kangawa. Nobuyuki aliandika kwenye barua kwamba waliua zaidi ya 1,300, upande wa Tokugawa wanakiri kama 300, chagua mwenyewe utakayemwamini, ila kwamba Tokugawa alipigwa hakuna anayebisha.

Baada ya hapo Masayuki akaingia chini ya Toyotomi Hideyoshi, ambaye sasa ndo alikuwa anaelekea kuishika Japani yote. Watu wa Hideyoshi kwenye barua ya mwaka 1586 kwa Uesugi walimwelezea Masayuki kama mtu asiyeaminika, mwenye sura mbili. Wapo wanaosema enzi zile hiyo ilikuwa nusu sifa. Mimi nadhani ilikuwa ni tusi, ila la watu waliokuwa wanamhitaji hivyo hivyo.

Na ile Numata ilikuja kuleta balaa kubwa kuliko ukubwa wake. Mwaka 1589 Hideyoshi akaamua kesi: theluthi mbili za eneo ziende kwa Hojo, theluthi moja yenye kingome cha Nagurumi ibaki kwa Sanada. Miezi haikupita mingi mtu wa Hojo akaivamia Nagurumi na kuichukua. Hideyoshi alikuwa anatafuta sababu siku zote, akaipata, mwaka 1590 akaizingira Odawara, ngome kuu ya Hojo, na ukoo wa Hojo, uliotawala eneo la Kanto kwa karibu miaka mia, ukaishia pale. Ndo ujue hawa watu wa milimani ugomvi wao wa mpaka ulibadilisha historia ya nchi.

Kwenye kupatanisha Sanada na Tokugawa ikafungwa ndoa. Nobuyuki akaozeshwa Komatsuhime, binti wa Honda Tadakatsu, jenerali mkali kuliko wote wa Ieyasu, na Ieyasu akamchukua binti kama mwanae kabla ya kumuozesha. Nobuyuki akapewa Numata. Mdogo wake Nobushige akakulia upande wa Hideyoshi na kuoa binti wa Otani Yoshitsugu, rafiki wa damu wa Ishida Mitsunari, mmoja wa watu wakubwa wa Hideyoshi. Yaani kaka ana baba mkwe kambi hii, mdogo ana baba mkwe kambi ile, na wakati huo hakuna aliyejua kambi zitakuja kugombana.

Hideyoshi akafa 1598. Mwaka 1600 Ieyasu anaelekea kaskazini kumshughulikia Uesugi, Sanada wote watatu wako njiani kujiunga naye. Wakiwa Inubushi, mkoa wa Tochigi wa leo, inafika barua kutoka kwa Ishida Mitsunari na wenzake: tumemkana Ieyasu, njooni kwetu. Baba na watoto wake wakajifungia kwenye nyumba kuzungumza. Inasimuliwa kuwa mmoja wa watumishi alichungulia kuangalia mbona wanachelewa, mzee Masayuki akamtupia kiatu cha mti kikamvunja meno ya mbele. Ukweli wa meno siuapii, lakini mazungumzo yalikuwa mazito kiasi hicho. Walipotoka, Masayuki na Nobushige wakageuza farasi kurudi Ueda kupigana upande wa Ishida, na Nobuyuki akaendelea kwa Ieyasu.

Hapa ndo watu hubishana mpaka leo: walipanga? Kwamba mmoja akae huku wengine kule, yeyote atakayeshinda nyumba inabaki? Jibu tamu ni ndiyo, na hadithi nyingi zinaandika hivyo. Mimi naona ndoa zile zilikuwa zimeshaamua kabla ya barua kufika. Nobuyuki mke wake ni mtoto wa kulea wa Ieyasu, kashakaa na Tokugawa miaka kumi. Nobushige mkwe wake ndo yuko ndani ya njama. Na Masayuki alikuwa hampendi Ieyasu tangu ile kesi ya Numata, afu upande wa Ishida dau lilikuwa kubwa. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za kutosha bila kuhitaji mpango wa siri. Ila siamini kwamba walipoachana mlangoni hakuna aliyeifikiria hiyo faida, wale hawakuwa wajinga.

Masayuki njiani akapitia Numata akasema anataka kuwaona wajukuu. Simulizi ya ukoo inasema Komatsuhime, mumewe hayupo, akatoka kavaa deraya, geti limefungwa, akamwambia baba mkwe wake kwa adabu zote kwamba leo wewe ni adui, ndani huingii. Kesho yake akawatoa watoto mpaka hekalu la jirani wamwone babu yao huko nje. Mzee inasemekana alicheka na kusema nyumba ikiwa na mwanamke kama huyu haina shida. Hata kama imeongezwa chumvi, unaona ukoo ulivyotaka kumkumbuka.

Halafu Ueda tena. Hidetada, mtoto na mrithi wa Ieyasu, anapita njia ya milimani na watu kama 38,000 kwenda kukutana na baba yake magharibi. Masayuki yuko ngomeni na watu wachache mno. Hidetada akamtuma Nobuyuki na shemeji yake Honda Tadamasa wakazungumze naye, mzee akasema sawa nitajisalimisha, nipeni muda kidogo, siku zikapita, walipomuuliza tena akajibu asanteni kwa muda, maandalizi yamekamilika karibuni tupigane. Nobuyuki akatumwa kuichukua Toishi iliyokuwa inashikiliwa na mdogo wake, Nobushige akaondoka na kumwachia ngome ikiwa tupu. Hawakupigana ndugu kwa ndugu. Hidetada akachezewa siku kadhaa, ndo amri ya baba yake ikamfikia kwamba aharakishe, mvua na mito vikamchelewesha zaidi, na siku ya Sekigahara, vita iliyoamua Japani itakuwa ya nani, mrithi wa Tokugawa na watu wake hawakuwepo. Ieyasu alishinda bila wao. Ila kwa siku kadhaa alikataa hata kumwona mtoto wake.

Masayuki na Nobushige wakawa wameshinda vita yao na kushindwa kila kitu. Walistahili kuuawa, Nobuyuki akaomba, na baba mkwe wake Honda Tadakatsu akasimama naye, wakapunguziwa ikawa uhamisho: mlima Koya, kisha kijiji cha Kudoyama chini yake. Nobuyuki akapewa Ueda juu ya Numata, jumla koku 95,000 (koku moja ni kama kilo 150 za mchele, ilihesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka, na bwana wa koku 10,000 kwenda juu ndo aliitwa daimyo). Na akabadilisha herufi ya mwisho ya jina lake, ile aliyorithi kutoka kwa baba, akaweka nyingine inayotamkwa hivyo hivyo. Unaitamka ile ile, ukiiandika baba hayumo. Huku kwa siri akiendelea kuwatumia pesa.

Barua za Kudoyama ndo ninazozipenda kuliko vita zote. Masayuki, yule aliyewazungusha mabosi watano, anaandika kumkumbusha mwanae kwamba pesa iliyobaki itumwe upesi, madeni yamezidi. Nobushige anaandika nyumbani kuomba shochu, ile pombe kali ya kienyeji, anaelekeza kabisa mitungi ijazwe na midomo izibwe vizuri isije ikavuja njiani. Barua nyingine anasema ameanza kujifunza kutunga mashairi uzeeni ila hayapandi, na nyingine tena kwamba meno yamemtoka na ndevu nyeusi karibu zimeisha. Masayuki akafia huko 1611. Aliomba msamaha wa kurudi kwao mpaka mwisho, hakupewa.

Mwaka 1614 Toyotomi Hideyori, mtoto wa Hideyoshi, anakusanya samurai wasio na kazi ndani ya ngome ya Osaka kupambana na Tokugawa. Nobushige, kibogoyo wa miaka arobaini na kitu, akatoroka Kudoyama akaenda. Tokugawa walijua la Ueda ni la Masayuki, huyu dogo walikuwa hawamjui kivile. Akaangalia ngome akaona kusini ndo penye udhaifu, akajenga hapo boma la udongo na mbao linalochomoza nje, likaitwa Sanada-maru. Tarehe 4 mwezi wa 12 kwa kalenda yao watu wa Maeda, wa Ii Naotaka na wa Matsudaira Tadanao wakalivamia, wakasogezwa mpaka chini ya ukuta ndo bunduki zikafunguliwa. Ni Ueda ile ile imehamishiwa Osaka. Angalia pia hapo: askari wa Ii walivaa nyekundu na wa Nobushige walivaa nyekundu, pande zote mbili wameirithi rangi kwa Takeda, yule bosi wa zamani.

Ieyasu akaona kupigana kunagharimu, akapiga mizinga, akafanya amani, na chini ya amani akafukia mahandaki yote na Sanada-maru ikabomolewa. Inasimuliwa alimtuma Nobutada, baba mdogo wa Nobushige aliyekuwa upande wa Tokugawa, ampe ofa: koku 100,000, na alipokataa, mkoa mzima wa Shinano. Akakataa tena.

Tarehe 7 mwezi wa 5 mwaka 1615, Tennoji, nje ya Osaka. Ngome haina mahandaki, kujifungia ndani haisaidii. Nobushige akawapita watu wa Matsudaira Tadanao na kwenda moja kwa moja kwenye kambi ya Ieyasu mwenyewe. Walinzi wakatawanyika, bendera kuu ya Ieyasu ikaanguka, kitu ambacho inasemwa hakikutokea tangu Takeda Shingen ampige pale Mikatagahara miaka zaidi ya arobaini nyuma. Mzee wa miaka sabini na kitu akabaki na watu wachache. Ila Nobushige naye alikuwa ameishiwa watu, hakuna waliomfuata nyuma kumalizia, akarudishwa nyuma, na karibu na hekalu la Yasui akiwa hoi akauawa na Nishio Munetsugu, askari wa Tadanao. Mtoto wake Daisuke, bado kijana mdogo, akafa ndani ya ngome pamoja na Hideyori. Katika kumbukumbu za ukoo wa Shimazu, ambao walikuwa mbali huko Satsuma na hata vitani hawakufika, akaandikwa kuwa ndiye askari namba moja wa Japani. Na upande wa pili wa uwanja ule ule walikuwepo Nobuyoshi na Nobumasa, watoto wa Nobuyuki, wakipigania Tokugawa chini ya sarafu sita zile zile, maana baba yao alikuwa mgonjwa.

Hizo habari za ninja wake kina Sarutobi Sasuke na Mashujaa Kumi wa Sanada, ni hadithi za vitabu vya bei rahisi vya mwanzoni mwa karne ya 20. Usizitafute kwenye historia.

Ila kwangu mimi mtu mgumu kuliko wote humu ni Nobuyuki, na hana katuni. Fikiria una baba na mdogo wako waliomwaibisha hadharani Hidetada, aliyekuja kuwa shogun wa pili wa Tokugawa, na huyo shogun sasa ndo bosi wako. Komatsuhime akafa 1620. Mwaka 1622 Nobuyuki akahamishwa kutoka Ueda, ngome ya baba yake, kwenda Matsushiro upande wa pili wa milima, koku ziliongezeka ila simulizi zinasema kwa hasira alivunja taa za mawe za bustanini kabla ya kuondoka. Ukoo ulikuwa na sanduku kubwa la kutunzia upanga mfupi uliofuliwa na fundi Yoshimitsu, likilindwa na zamu ya walinzi usiku na mchana, hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Lilipokuja kufunguliwa enzi za Meiji (kuanzia 1868, utawala wa Tokugawa umeshaanguka), pamoja na upanga zilikutwa barua za Ishida Mitsunari kwa Masayuki. Yaani kwa zaidi ya miaka 200 waliziweka ndani ya nyumba karatasi za njama dhidi ya Tokugawa, na walinzi wamesimama mlangoni!

Alitaka kustaafu, wakamzuia mpaka akavuka miaka tisini. Mwaka 1658, mwanae Nobumasa akafa kabla yake, na wajukuu wawili wakagombea: Yukimichi, mtoto wa miaka miwili, na Nobutoshi wa Numata, mtu mzima aliyekuwa na mkubwa serikalini, Sakai Tadakiyo, nyuma yake. Mzee akamsimamia yule mtoto mchanga, akashinda, Numata ikatengwa kuwa eneo la Nobutoshi peke yake, na mwezi wa kumi akafa akiwa na miaka 93 kwa hesabu yao.

Aliona mbali. Nobutoshi akaenda kupima mashamba ya koku 30,000 akatangaza yana koku 144,000, ili aonekane sawa na ndugu zake wa Matsushiro na kuwazidi. Kodi zikafuata hiyo hesabu ya uongo, wakulima wakaumia vibaya, na mwaka 1681 aliposhindwa kupeleka mbao alizoahidi za daraja la Ryogoku mjini Edo (Tokyo ya leo), serikali ikamnyang'anya kila kitu. Numata, iliyowasumbua Hojo, Hideyoshi na Tokugawa na Masayuki hakuiachia kwa mtu, ikapotezwa na mjukuu wa Nobuyuki kwa sababu ya mbao.

Matsushiro yenyewe ikaendelea hadi mwisho wa enzi ya samurai, ila angalia waliokalia kiti. Watoto wa kiume walipokosekana walichukua wa kulea. Bwana wa saba alitoka ukoo wa Ii wa Hikone, wale wekundu waliopigwa risasi Sanada-maru, na akaitwa Yukitaka kama yule babu wa kwanza (nilikwambia majina yatakusumbua). Wa nane, Yukitsura, alikuwa mtoto wa Matsudaira Sadanobu, yaani damu ya Ieyasu kabisa kupitia shogun Yoshimune, na ni yeye aliyemtuma msomi Sakuma Shozan kusoma sayansi na silaha za Ulaya. Wa kumi, Yukimoto, alitoka kwa Date wa Uwajima, akapewa vyeo vya kikabaila vya enzi za Meiji, akawa viscount 1884 na count, cheo cha juu zaidi ya hicho, 1891.

Na damu ya Nobushige? Binti yake Oume aliolewa na Katakura Shigenaga, mtu wa Date Masamune wa Sendai, jenerali aliyepigana naye siku moja kabla ya kifo chake. Mtoto wake mdogo wa kiume, Daihachi, akapelekwa huko huko kwa dada yake. Akalelewa kwa jina la Katakura Morinobu, na serikali ilipouliza huyu ni nani, watu wa Date wakatoa ukoo wa bandia kwamba ni wa tawi la yule baba mdogo Nobutada. Mwanzoni mwa karne ya 18, hofu ilipopungua, familia hiyo ikarudia kujiita Sanada.